Matengenezo ya paa la nyumba za kupangisha: kipi kifanywe wakati wa kipupwe, na kipi kingoje?

Mwenye nyumba, Kasarani

Hamjambo wanajukwaa. Ninaomba ushauri wa mafundi, wasimamizi wa majengo na wenye nyumba wenzangu kuhusu mapaa mawili ambayo yamenisumbua tangu masika yaliyopita.

Jengo la kwanza liko Kasarani. Ni la ghorofa nne, na paa lake ni zege tupu lililozungushiwa ukuta mfupi. Juu yake kuna matangi ya maji ya plastiki, kamba za kuanikia nguo, na madishi ya televisheni ambayo kila mpangaji amejifungia la kwake alipohamia. Katika ghorofa ya juu yamejitokeza madoa mawili. Moja liko kwenye pembe ya chumba cha kulala, karibu chini ya tangi, na asili yake sina shaka nayo sana. La pili liko katikati ya ujia, mbali na tangi na mbali na ukuta wa nje, na mafundi wawili niliowapandisha juu hawakuona ufa wowote mahali hapo.

Jengo la pili ni safu ya vyumba vya kupangisha huko Dagoretti, vilivyoezekwa kwa mabati membamba ya geji 32 (geji ni namba ya unene wa bati). Baadhi ya vyumba havina dari. Wapangaji wa vyumba hivyo wananiambia kwamba bati hudondosha maji alfajiri, hata baada ya usiku usio na mvua kabisa, na wameanza kuamini kwamba ninawapuuza. Fundi amepanda, akachungulia bati moja baada ya jingine, asipate tundu la kuelezea maji hayo.

Mafundi wenyewe wanapingana kuhusu Kasarani. Mmoja anataka apake rangi ya kuzuia maji juu ya zege sasa hivi, mwezi huu wa Julai, kwa hoja kwamba masika yamekwisha na vuli bado haijaingia, kwa hiyo huu ndio wakati mkavu. Mwingine anasema nikifanya hivyo nitakuwa nimetupa pesa. Nimejaribu kusoma mtandaoni, lakini makala nyingi zinazohusu utunzaji wa paa katika msimu wa baridi zimeandikwa kwa ajili ya nchi za theluji, ambako mwenye nyumba huhofia uzito wa theluji juu ya kenchi na barafu inayoganda ukingoni mwa paa na kuyarudisha maji ndani. Usiku wa Julai hapa kwetu joto hushuka hadi karibu nyuzi 10 au 12 za Selsiasi; ni baridi ya kutosha kutusumbua, lakini maji hayagandi.

Basi ninauliza: katika miezi hii ya kipupwe, kabla mvua za Oktoba hazijafika, ni kazi zipi za paa zinazofaa kufanywa sasa, ni zipi zingoje, na nianze na lipi ikiwa siwezi kugharamia yote kwa mara moja?

Fundi wa mapaa, Umoja

Ndugu, huyo fundi wa pili ndiye wa kusikilizwa, na nitaeleza sababu kwa urefu kidogo, kwa kuwa jambo hili huwagharimu wenye nyumba wengi wa Nairobi.

Watu huchanganya msimu usio na mvua kubwa na msimu mkavu. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua ni chache, lakini mawingu hukaa chini, manyunyu huja asubuhi, na jua likitoka ni hafifu. Zege lililokunywa maji tangu Machi hadi Mei linakuwa bado halijapata siku za kutosha za kukauka. Ukilipaka rangi au ukalilazia utando wa lami katika hali hiyo, unayafungia maji ndani. Ikifika Januari, jua likiwaka sawasawa, maji yale hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia ya kutokea, na rangi huinuka malengelenge kisha ikapasuka. Mwenye nyumba hudhani aliuziwa rangi mbovu, kumbe rangi ilikuwa nzuri na wakati ndio haukufaa.

Kabla hujamruhusu mtu yeyote kufungua debe la rangi, fanya jaribio hili. Chukua karatasi ya nailoni nzito, yenye upande wa karibu nusu mita, uibandike juu ya zege kwa utepe pande zote nne ili hewa isipite, kisha uiache kwa saa 16 au zaidi, yaani tangu alasiri hadi asubuhi ya pili. Ukiifunua ukakuta matone upande wa chini, au zege limegeuka rangi likawa jeusi, zege hilo bado lina maji. Rudia katika sehemu kadhaa, hasa karibu na matundu ya kutolea maji na kivulini mwa matangi, kwa sababu huko ndiko kunakochelewa kukauka. Kwa kawaida Kasarani utapata ukavu unaofaa kuanzia mwishoni mwa Agosti na katika Septemba, kabla vuli haijaingia Oktoba. Ukiikosa nafasi hiyo, ngoja Januari na Februari. Usikubali kazi ya haraka katikati ya Oktoba kwa sababu ya hofu ya mvua.

Hata hivyo, kipupwe kina kazi yake kubwa, nayo ni kutafuta chanzo cha uvujaji wakati alama za masika bado ni mbichi. Kuhusu lile doa la katikati ya ujia, mafundi wako hawakuona ufa kwa sababu walitazama juu ya doa. Juu ya zege la paa kwa kawaida huwekwa tabaka la saruji na mchanga lenye mteremko wa kuelekeza maji. Maji yakipenya tabaka hilo kupitia tundu dogo, hayashuki moja kwa moja. Hutembea kati ya tabaka na zege hadi yakutane na ufa, ambao unaweza kuwa mita kadhaa kutoka pale yalipoingilia. Kwa hiyo simama juu ya doa, kisha utembee polepole kuupanda mteremko ukiwa umeinama. Mimi ningeanza na madishi. Mpangaji anapohama huondoka na dishi lake, na pale lilipokuwa hubaki matundu manne ya keekee, kila moja na upana wa kidole cha mwisho, yenye duara la kutu ukingoni na wakati mwingine plagi ya plastiki iliyokwisha kupasuka kwa jua. Kila mvua inayonyesha huyajaza. Ukiona matundu kama hayo upande wa juu wa mteremko, umeshapata mtuhumiwa wako wa kwanza.

Ili kuhakikisha, mwagia maji sehemu kwa sehemu, ukianzia chini ya mteremko. Loweka eneo dogo, mtu mmoja akiwa ndani akitazama doa, mngoje angalau saa moja, ndipo mpande eneo linalofuata. Ukimwaga maji paa zima kwa pamoja utajua tu kwamba linavuja, jambo unalolijua tayari.

Kazi ya zege yenyewe itakapofika, kwa paa ambalo watu hulipanda kila siku kuanika nguo, rangi peke yake haidumu, hata ikiwa ya bei ya juu. Nyayo, ndoo zinazoburutwa na vigingi huikwangua. Ninapendekeza utando wa lami wa milimita 4 unaobandikwa kwa moto wa gesi juu ya zege lililosafishwa na kupakwa lami nyepesi ya kushikisha, kisha juu yake uweke tabaka la saruji au vigae vya kulinda. Simama na fundi uangalie mambo mawili. Kwanza, vipande vilaliane angalau sentimita 10 ubavuni na 15 mwishoni, na pale vinapoungana uone lami iliyoyeyuka imechungulia nje kidogo ukingoni, pasipochungulia, hapajashika. Pili, utando upande ukutani angalau sentimita 15 na mwisho wake ufichwe ndani ya mfereji uliochongwa ukutani, kisha uzibwe. Mapaa mengi ninayoitwa kuyarekebisha hayavujii katikati; huvujia pale sakafu ya paa inapokutana na ukuta mfupi, kwa sababu fundi aliishia kwenye kona au alipandisha utando kwa sentimita 5 akauacha ukining'inia.

Sasa Dagoretti. Ninavyoelewa maelezo yako, bati hilo halivuji. Maji yale ni mvuke wa ndani ya chumba. Familia hupika, huchemsha maji ya kuoga, hulala madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya baridi, na wakati mwingine huanika nguo ndani kwa sababu nje hazikauki. Bati ni jembamba na hupoa upesi usiku. Mvuke ukiligusa hugeuka matone, na matone yakijaa hudondoka. Ingia chumbani alfajiri na tochi uangalie upande wa chini wa bati. Ikiwa matone yametapakaa kila mahali kama jasho, na hukoma bati linapopata joto asubuhi, ni mvuke. Ikiwa ni mstari mmoja wa maji unaotoka kwenye msumari au kwenye mwungano wa mabati, ni tundu. Dawa ya mvuke ni hewa. Acha nafasi chini ya ukingo wa paa, uiwekee wavu wa kuzuia ndege na panya, na ukipata uwezo uweke dari, pamoja na upenyo wa hewa kati ya dari na bati. Fundi akikuambia azibe kila upenyo kwa silikoni, atakuwa ameongeza maji badala ya kuyapunguza.

Ila usiache kukagua misumari ya mabati hayo. Bati la mita 3 likitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi kwenye joto la jua la mchana, ambalo kwenye bati lenyewe laweza kufika nyuzi 60, hurefuka kwa karibu milimita 2, kisha usiku hurudi. Mchezo huo wa kila siku huilegeza misumari na kuzila raba zake. Bonyeza raba kwa ukucha: nzima hurudi, iliyokufa humeguka kama ganda kavu. Msumari uliolegea usigongwe tu ukarudishwa katika tundu lile lile, maana mbao imeshalegea. Ung'oe, uweke skrubu nene kidogo yenye washa ya raba, na iwe juu ya mgongo wa bati. Kwenye bonde la bati ndiko maji yanakopita.

Mpangaji wa ghorofa ya juu, Pipeline

Mimi si mwenye nyumba, lakini ninaishi chini ya paa la aina hiyo ya Kasarani, na ningependa wenye nyumba wasikie upande wetu.

Wapangaji wengi hawatoi taarifa ya doa linapoanza. Huogopa kwamba wataonekana wasumbufu, au kwamba paa likitengenezwa kodi ya nyumba itapandishwa. Matokeo yake mwenye nyumba huletewa habari doa likiwa limefika ukutani na nguo za kabati zimeota ukungu. Ikiwa unataka kujua mapema, waambie wapangaji wako waziwazi, kwa maandishi, kwamba taarifa ya uvujaji haitaleta nyongeza ya kodi. Kisha waombe wazungushie ukingo wa doa mstari wa penseli na kuandika tarehe pembeni. Mvua inayofuata ikipita, doa likiwa limevuka mstari, kila mtu anaona kwamba uvujaji unaendelea, na hakuna ubishi.

La pili ni lile la kupaka rangi nyeupe juu ya doa kabla mpangaji mpya hajaja kuona nyumba. Ninaomba sana jambo hili likome. Mtu huhamia Januari, nyumba ikiwa imekauka na inang'aa, akalipa kodi na amana, halafu Aprili analala na beseni kitandani. Na ikiwa maji yanashukia karibu na taa, usimwache mpangaji akisubiri fundi wa paa. Kwanza umeme wa mzunguko huo uzimwe na fundi wa umeme aitwe siku hiyo hiyo.

Msimamizi wa majengo, South B

Ninakubaliana na fundi wa Umoja, na nitaongeza mambo ambayo sisi wasimamizi hukutana nayo zaidi kuliko mafundi.

Gata na matundu ya maji ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 200 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 50, ambayo katika masika ya Nairobi si ajabu kuipata kwa siku moja, hupokea lita 10,000. Maji hayo yote yanategemea mabomba mawili au matatu ya kuteremshia. Tundu moja likizibwa na mfuko wa plastiki au soksi iliyopeperushwa kutoka kwenye kamba, paa la zege lenye ukuta pande zote hugeuka bwawa, na bwawa hutafuta ufa. Ndiyo maana ninawasihi wenye majengo waweke, juu kidogo ya kiwango cha sakafu ya paa, tundu la dharura linalopenya ukuta mfupi hadi nje. Maji yakimwagika kupitia hapo, kila anayepita chini ataona kwamba bomba kuu limeziba.

Kwa mitaa yenye miti, kusafisha mara moja hakutoshi. Jakaranda humwaga maua yake mwezi wa Oktoba na Novemba, wakati ule ule vuli inapoingia, na maua hayo yakilowa hushikamana yakawa kama uji mzito ndani ya gata. Sisi husafisha Septemba, kisha tunarudia katikati ya vuli. Wenye majengo mapya yenye mabati yaliyofichwa nyuma ya ukuta, mtindo ambao umependwa sana siku hizi, wawe waangalifu maradufu, kwa kuwa gata lao liko ndani ya jengo na likifurika humwagikia darini.

Kuhusu madishi, tulifanya jambo moja lililotuletea nafuu. Katika mkataba wa upangaji tuliandika kwamba hakuna mtu, awe mpangaji au fundi wa intaneti, atakayetoboa sakafu ya paa. Badala yake tulifunga nguzo za chuma kwenye upande wa ndani wa ukuta mfupi, na kila anayehitaji kufunga dishi au kifaa cha intaneti hulifunga hapo. Ufunguo wa mlango wa paa unakaa kwa mtunzaji wa jengo, na jina la kila fundi anayepanda huandikwa katika daftari. Kamba za nguo nazo tulizihamishia kwenye nguzo hizo hizo.

Tahadhari moja zaidi kwa wenye nyumba za zamani. Ikiwa paa ni la asbesto, usimruhusu mtu alisugue kwa brashi ya waya, alioshe kwa mashine ya maji yenye nguvu, wala alikate. Nyuzi zake zikiingia kwenye mapafu huleta maradhi yasiyopona. Kanuni za taka za mwaka 2006 zimeiweka asbesto katika kundi la taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Mhandisi wa majengo, Ruaka

Nina neno moja kuhusu matangi, kwa sababu limepitwa haraka. Lita 10,000 za maji ni tani 10. Kabla ya kuzungumzia rangi na lami, mwenye nyumba wa Kasarani aulize kama matangi yake yamekaa juu ya nguzo na mihimili ya jengo, au yamewekwa katikati ya zege kwa sababu palikuwa na nafasi. Zege likibebeshwa mzigo ambao halikukusudiwa kuubeba hujipinda kidogo na kupasuka upande wa chini, na hapo ndipo doa linapoonekana. Ukiliziba kutoka juu bila kuuhamisha mzigo, ufa utarudi.

Aangalie pia bomba la kumwagia maji ya ziada. Boya la tangi likiharibika, maji hudondoka usiku na mchana, mwaka mzima, na kuiloweka pembe ile ile. Doa la chumba cha kulala linalokua hata wiki ambazo hazikunyesha lina asili ya tangi, wala halina uhusiano na mvua.

Wapo mafundi wanaopima paa kwa kuziba matundu yote na kulijaza maji kwa siku nzima. Kipimo hicho ni kizuri baada ya kazi mpya kumalizika, lakini maji ya kina cha sentimita 5 yana uzito wa kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Kwa jengo la zamani, hasa ambalo upande wa chini wa zege umeanza kubanduka na nondo zenye kutu zinaonekana, lisifanyiwe hivyo kabla mhandisi hajalikagua. Nondo ikishika kutu huvimba na kulisukuma zege nje. Nyufa zinazofuata mistari ya nondo ni dalili ya jengo linalohitaji tiba nyingine kabisa, na kuzifunika kwa rangi ni kuwahatarisha watu wanaolala chini yake.

Mwenye nyumba, Kasarani

Nimeshukuru sana. Nimepanda juu leo na kuyakuta matundu ya keekee mahali ambapo fundi wa Umoja alisema niyatafute, katika upande wa juu wa mteremko kutoka kwenye lile doa. Bomba la ziada la tangi moja pia lina alama ya kijani chini yake, ishara ya maji yasiyokatika.

Ninabaki na maswali mawili. Je, kuna sheria inayosema paa ni jukumu la nani, kwa kuwa mmoja wa wapangaji ananiuliza kama naweza kumkata gharama katika amana? Na je, gharama hizi zinapunguza ushuru ninaolipa kwa mapato ya kodi ya nyumba? La mwisho ni kwa fundi: mabati ya geji 32 yaliyoshika kutu niyabadilishe kwa geji ipi?

Mhasibu, Ngong Road

Kwa swali la kwanza, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inaweka wajibu wa mwenye nyumba ndani ya kila mkataba wa upangaji. Anapopangisha sehemu ya jengo, kama ilivyo katika nyumba za ghorofa, yeye ndiye wa kulitunza paa, kuta za nje, mifereji mikuu na sehemu za matumizi ya pamoja. Tena nyumba ya kuishi inatakiwa iwe inafaa kukaliwa na binadamu mwanzo wa upangaji na iendelee hivyo. Kwa hiyo amana ya mpangaji isiguswe kwa uvujaji wa paa. Ikiwa mpangaji fulani ametoboa paa kinyume cha mkataba, hilo ni dai tofauti, na utahitaji ushahidi kwamba matundu ni yake.

Kwa swali la pili, inategemea unalipa kwa utaratibu gani. Ukiwa katika ushuru wa kila mwezi wa mapato ya nyumba za kuishi, unaowahusu wenye mapato ya kuanzia shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, unalipa asilimia 7.5 ya kodi yote unayoipokea, kiwango kilichoanza Januari 2024. Gharama za matengenezo hazitolewi humo hata kidogo. Unaweza kumwandikia Kamishna wa mamlaka ya mapato (KRA) ukaomba kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambao unaruhusu kutoa gharama za ukarabati, ila huko viwango ni vya juu zaidi na kila gharama lazima iwe na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Piga hesabu za pande zote mbili kabla ya kuamua. Kubadilisha mabati yaliyooza ni ukarabati. Kuling'oa paa zima na kuweka la aina bora zaidi huhesabiwa kuwa uwekezaji, na hautolewi kwa njia hiyo.

Hakikisha pia mnakubaliana kwa maandishi na fundi kuhusu bima ya wafanyakazi wake. Anayemwajiri mtu kupanda paa ana wajibu chini ya sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha kazini, ile ijulikanayo kama WIBA, na mabati yenye umande wa Julai huteleza mno.

Fundi wa mapaa, Umoja

Kuhusu geji, kumbuka kwamba namba ikipungua bati linakuwa nene. Geji 32 ni kama robo ya milimita, geji 30 ni karibu milimita 0.3, na geji 28 karibu milimita 0.4. Kwa nyumba ya kupangisha ambayo watu watalipanda paa kufunga waya na kutengeneza gata, mimi huweka geji 28. Tofauti ya bei ipo, lakini bati jembamba hujipinda chini ya mguu wa fundi wa kwanza, na palipojipinda maji hutuama. Ukishindwa na gharama, weka 28 katika upande unaopandwa zaidi na 30 kwingineko, ukihakikisha umbo la mawimbi linalingana ili yalaliane vizuri.

Alichosema mhandisi kuhusu tangi ninakiunga mkono kabisa, kitangulie. Kwa hiyo rekebisha boya na bomba la ziada wiki hii, safisha matundu ya maji, na uyazibe kwa muda yale matundu ya keekee kwa lami ya kuziba. Mabati na misumari ya Dagoretti ifanywe siku yoyote kavu ya Julai au Agosti, kuanzia saa nne asubuhi umande ukiwa umekauka. Kazi ya zege ingoje lile jaribio la nailoni likubali. Na fundi akikata mabati kwa mashine ya kusagia, afanyie kazi hiyo chini, kamwe si juu ya paa, kisha kabla hajashuka afagie kila kichwa cha msumari na kila chenga ya chuma, maana chenga hizo hushika kutu ndani ya siku chache na kulichoma bati jipya mahali zilipolala.